Kulegeza Bila Kulegea: Mwongozo Kamili wa Kuendesha Biashara Ndogo kwa Msimamo na Unyumbufu

Jioni moja mteja alikuja karakanani kuchukua kabati lake. Gari la mizigo lilikuwa nje, injini inanguruma, vijana wawili wa kubeba wamesimama mlangoni. Vanishi ilikuwa imekauka, bawaba zinafunguka bila kelele, droo zinateleza. Tulikuwa tumekubaliana nusu ya malipo mwanzoni na nusu siku ya kuchukua. Akanishika bega: "Fundi, leo sijakaa vizuri. Niachie niondoke nalo, Jumatatu asubuhi salio lako unalo." Alikuwa mteja wangu wa miaka minne. Nikamwachia.

Jumatatu ile ikapita, na iliyofuata. Salio lile ndilo nililolitegemea kununulia mbao za oda ya mtu mwingine. Oda ikachelewa siku 12, mwenyewe akadai malipo yake ya awali, akaenda zake. Fedha iliniuma, lakini kilichoniuma zaidi ni kuvunja ahadi kwa mtu ambaye hakunikosea lolote, ili tu nisimkwaze aliyesimama mbele yangu.

Miezi michache baadaye nikafanya kosa la upande wa pili. Mama mmoja aliyekuwa akilipa kwa wakati tangu siku ya kwanza aliomba wiki mbili kwa sababu alikuwa anauguza. Nilimjibu palepale: "Utaratibu ni utaratibu." Wiki hiyo sikuwa hata na upungufu wa fedha. Alilipa, akachukua meza yake, hakurudi tena. Watu watatu aliokuwa ameniletea nao wakapotea mmoja mmoja.

Mara zote mbili niliamua papo kwa papo: ya kwanza nikiwa na aibu, ya pili nikiwa na hasira iliyobaki ya ile ya kwanza. Tangu hapo ninaamini jambo moja: pa kulegeza na pa kukaza panapangwa mapema, ukiwa umetulia, kalamu mkononi. Mifano yangu mingi ni ya useremala kwa kuwa ndiyo kazi ninayoijua, ila anayeshona, anayetengeneza programu au anayeuza rejareja ataona mwenyewe panapomhusu.

Hatua ya 1: Zijue namba zako tatu

Huwezi kujua unaweza kulegeza kiasi gani kama hujui una nafasi kiasi gani. Kabla ya kuweka sheria yoyote, kaa na daftari upate namba tatu.

Ya kwanza ni gharama zisizosubiri: pango, mishahara, umeme, marejesho ya mkopo. Zinadaiwa hata mwezi ambao hukuuza kitu. Zijumlishe kwa mwezi.

Ya pili ni faida ghafi. Ukiuza kitu kwa 100 na kukitengeneza au kukinunua kumekugharimu 70, faida ghafi ni 30. Hiyo 30 ndiyo inayolipa gharama zisizosubiri. Kama gharama hizo ni 600 kwa mwezi, unahitaji mauzo ya 2,000 ili urudi sifuri, bila faida wala hasara. Chini ya hapo unakula mtaji.

Sasa tazama punguzo linafanya nini. Mteja anaomba upunguze asilimia 10 tu. Unauza kwa 90, gharama bado ni 70, kwa hiyo faida imeshuka kutoka 30 hadi 20. Hujatoa asilimia 10 ya faida yako. Umetoa theluthi moja. Ukiwapa wateja wote punguzo hilo, lazima uuze vitu asilimia 50 zaidi kwa idadi ili upate faida ileile ya mwanzo, na kazi hiyo yote ya ziada itafanywa na mikono ileile. Kama faida yako ghafi ilikuwa 20, punguzo la 10 linakutaka uuze mara mbili. Nawaomba wenzangu wafanye hesabu hii kwa bei zao wenyewe, kwa sababu siku nilipoifanya ndipo nilipoacha kusema "haya, chukua tu."

Ya tatu ni siku ambazo fedha yako inakaa nje. Tuseme malighafi unailipia siku 7 baada ya kuipokea, inakaa kwako siku 20 hadi inapouzwa, na mteja analipa siku 30 baadaye. Ishirini jumlisha thelathini toa saba: kwa siku 43 biashara inaishi kwa fedha yako mwenyewe. Kila mteja unayemwongezea muda, siku hizo zinaongezeka. Biashara inaweza kuwa na faida kwenye karatasi na bado ikashindwa kulipa mishahara Ijumaa.

Hatua ya 2: Andika yasiyojadiliwa, yasizidi matano

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea kwa kuandika mengi. Mwenye sheria thelathini hana hata moja, kwa sababu hakuna anayeweza kuzisimamia zote, na wafanyakazi wakishaona ya kumi inavunjwa wataivunja na ya kwanza.

Kipimo ninachotumia ni swali moja: nikikubali hili hata mara moja tu, kuna kitu kitakachoharibika na kisirudi? Kama jibu ni ndiyo, jambo hilo linaingia kwenye orodha. Kama hasara yake inaweza kufidiwa wiki ijayo, libaki nje.

Yangu ni haya. Kazi haitoki mlangoni ikiwa na kasoro ninayoijua. Hakuna anayewasha msumeno wa umeme bila kinga yake, hata kama ni kukata kipande kimoja. Siuzi chini ya gharama. Fedha ya biashara haiendi nyumbani isipokuwa mshahara wangu. Na sisemi uongo kuhusu tarehe.

Lile la nne linahitaji maneno zaidi, maana ndilo linaloua biashara ndogo nyingi, na anayelivunja ni mwenye biashara mwenyewe. Unakuwa mkali kwa mteja anayeomba punguzo dogo, kisha jioni unafungua droo ya mauzo na kuchukua ya matumizi bila kuandika. Jipangie mshahara, hata uwe mdogo kiasi gani, na uuchukue tarehe moja kila mwezi. Likitokea la dharura nyumbani, kopa kutoka kwenye biashara kama mtu mwingine yeyote: andika kiasi, tarehe na utakavyorudisha. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari halimjui mwenye duka wala mgeni.

Kuhusu ubora, Toyota wana utaratibu ambao nimeuiga kwa kiwango changu. Kwenye viwanda vyao kuna kamba juu ya mstari wa kuunganishia magari, ingawa siku hizi baadhi ya viwanda hutumia kitufe badala yake. Mfanyakazi yeyote akiona kasoro anaivuta au anabonyeza kitufe, kiongozi wa kikundi anakuja, na tatizo lisipotatuliwa haraka mstari mzima unasimama. Mbinu za kufanya kazi zinabadilishwa kila siku, tena wafanyakazi wenyewe wanahimizwa kupendekeza mabadiliko, lakini ruhusa ya kusimamisha kazi kwa ajili ya ubora haiguswi. Kwangu hakuna kamba. Kuna kipande cha chaki nyekundu ukutani. Kijana wa mafunzo mwenye wiki mbili akiweka alama ya chaki kwenye kiungo cha kiti, kiti hicho hakisogei mpaka tukiangalie pamoja, hata kama mteja ameshafika.

Hatua ya 3: Yaliyobaki yawekee mipaka miwili

Kila kisicho kwenye orodha ya matano kinaweza kunyumbulika. Lakini kunyumbulika bila kipimo ni kulegea. Kila jambo liandikie mahali linapoanzia, mahali linapoishia, na nani ana mamlaka ya kuamua.

Chukua punguzo. Kawaida yangu ni sifuri. Anayepokea oda anaweza kutoa hadi asilimia 3 bila kuniuliza, mimi naweza kufika 8, na hakuna mwenye ruhusa ya kuzidi hapo. Malipo ya awali ni nusu. Kwa mteja aliyekamilisha oda tatu bila kuchelewesha malipo, yanaweza kushuka hadi theluthi moja. Tarehe ya kumaliza inaweza kusogezwa siku tano kwa ombi la mteja bila gharama. Baada ya hapo kazi yake inarudi nyuma ya foleni. Rangi na aina ya vitasa vinaweza kubadilishwa mpaka siku tunayoanza kupaka vanishi.

Mamlaka ya mfanyakazi ni muhimu kuliko inavyoonekana. Kama kila ombi dogo lazima likungoje wewe, mteja anachoka na mfanyakazi anabaki kuwa mtu wa kusema "bosi hayupo." Na wateja wazoefu wakishajua kwamba mkuu ndiye mlaini, watamruka mfanyakazi na kukutafuta wewe kila mara. Mfanyakazi akishasema hapana ndani ya mipaka yake, usimgeuke mbele ya mteja. Akiwa amekosea, mrekebishe baadaye mkiwa wawili.

Hatua ya 4: Ukitoa, pokea

Hii ndiyo hatua iliyobadilisha zaidi maisha yangu ya kazi. Punguzo linalotolewa bure linamfundisha mteja kwamba bei ya kwanza ilikuwa ya kumpima. Atarudi na kuomba tena, na ana haki ya kufanya hivyo. Punguzo linalobadilishwa na kitu linamfundisha kwamba bei ina msingi.

Vya kuomba viko vingi: alipe yote mapema, aongeze idadi, achukue mwenyewe badala ya kupelekewa, akubali tarehe ya mbele ili uifanye kazi wakati huna msongamano, akubali mbao za aina nyingine ambazo tayari unazo. Neno la kulizoea ni "kama": "Naweza kukufikishia bei hiyo kama utalipia vyote leo." Ukikuta anakataa kila unachoomba, basi naye ameona kwamba anachokitaka kina thamani, na mazungumzo yanakuwa ya watu wawili wanaoheshimiana.

Ila hata unapopokea kitu, pima. Kwenye biashara za ankara kuna utaratibu wa siku nyingi: mdaiwa ana siku 30 za kulipa, akilipa ndani ya siku 10 anapata punguzo la asilimia 2. Inaonekana ndogo. Lakini unampa 2 ili upate 98 siku 20 mapema, na ukiipigia hesabu ya mwaka mzima ni sawa na kukopa kwa riba ya takriban asilimia 37. Kama una njia nafuu ya kupata fedha, usiitoe. Kama bila fedha hiyo utashindwa kununua malighafi ya oda kubwa, itoe, ila kwa oda hiyo tu.

Mabadiliko katikati ya kazi yanastahili karatasi yake. Mteja aliwahi kuja nikiwa nimeshakata mbao zote za rafu, zimepangwa ukutani kwa urefu, kila moja ina namba ya penseli kwenye ncha. Akasema kaka yake amemshauri ziwe na upana zaidi, "kidogo tu, sentimita nne." Zamani ningekubali nikiwa nimekunja uso, nikanunua mbao nyingine kwa fedha yangu, na kumchukia kimoyomoyo mpaka kazi iishe. Safari hii nilimpeleka kwenye zile mbao, nikaweka rula juu ya mojawapo ili aone zile sentimita nne. Nikamwambia inawezekana kabisa, kisha nikaandika mistari mitatu: kinachobadilika, gharama inayoongezeka, siku zinazoongezeka. Aliitazama karatasi, akazitazama mbao, akasema ziachwe zilivyo. Angeweza pia kuchagua kulipa, nami ningezitengeneza upya kwa moyo mweupe.

Hatua ya 5: Madeni yawe na ngazi

Kukopa harusi, kulipa matanga. Anayekopa anafurahi siku moja, na siku ya kulipa uso wake umebadilika. Kwa hiyo ukali wote weka mwanzoni, kabla mali haijatoka, wakati bado mnachekeana.

Kabla ya kukopesha, amua kiwango cha juu kwa kila mteja na kiwango cha juu kwa wateja wote pamoja. Hiki cha pili husahaulika sana. Unaweza kuwa na wadaiwa ishirini waaminifu na bado ukakwama, kwa sababu wote wana fedha yako wiki moja. Mimi sikopeshi zaidi ya kiasi ninachoweza kukikosa kwa mwezi mzima na bado nikalipa gharama zisizosubiri.

Kumbuka pia uzito wa deni lisilolipwa. Kama baada ya gharama zote unabaki na 10 kwa kila 100, deni la 100 lililopotea linakula faida ya mauzo ya 1,000.

Ngazi yenyewe ninaiandika kwenye ukuta wa ofisi. Siku mbili kabla ya tarehe, ujumbe mfupi wa kukumbusha. Siku ya tarehe yenyewe, kama haijalipwa, napiga simu. Siku ya 7, napiga tena na kuomba tarehe mpya, naye aitaje mwenyewe. Siku ya 14, hakuna oda mpya wala marekebisho mpaka alipe. Siku ya 30, barua na pendekezo la kulipa kwa awamu. Faida ya ngazi ni kwamba hasira haihitajiki. Unapopiga simu siku ya 7 hupigi kwa sababu umekasirika. Unapiga kwa sababu ni siku ya 7.

Na simu ile iwe fupi. Salimia, taja kiasi na tarehe, kisha uliza: "Unatarajia kulipa lini?" Halafu nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu. Tuna tabia ya kumjibia mdaiwa: "au labda mwisho wa mwezi?" Mwache ajibu.

Hapa ndipo yule mama aliyekuwa anauguza angepata nafasi yake. Kwenye ngazi yangu ya leo, mteja mwenye rekodi safi akieleza tatizo kabla ya tarehe anapewa wiki mbili bila maswali mengi, mara moja kwa mwaka. Anayekuja kueleza baada ya siku kumi za kutopokea simu hapewi. Tofauti yao ni kwamba mmoja amekupa muda wa kujipanga na mwingine amekunyima. Huruma nayo ina nafasi kwenye utaratibu. Ikiandikwa mapema itamfikia anayestahili.

Hatua ya 6: Jifunze kusema hapana kwa sentensi mbili

Sentensi ya kwanza ni hapana yenyewe. Ya pili ni unachoweza. "Kwa Ijumaa sitaweza. Naweza kukupa meza Ijumaa na viti Jumatano inayofuata." Usianze na sababu. Ukitoa sababu tano, mteja atazijibu moja moja, na ukimaliza sababu utabaki huna pa kusimama.

Usiseme pia "nitaangalia" wakati unajua jibu. Neno hilo mteja analisikia kama ndiyo, anapanga mambo yake juu yake, na siku utakayomwambia ukweli atakuwa ameumia zaidi. Ahadi ni deni, na nusu ahadi ni deni ambalo hukulipangia malipo.

Kwa mtu wa karibu, ndugu au rafiki, ninaongeza kitu kimoja: natenganisha zawadi na biashara. Nikitaka kumsaidia shangazi, namwambia, "Shangazi, gharama ya kazi ni hii, na mimi nakuchangia kiasi hiki kutoka kwangu," na mchango huo unatoka kwenye mshahara wangu. Kwenye daftari la karakana, kitanda cha shangazi kimelipwa bei kamili.

Hatua ya 7: Wafanyakazi wajue ipi ni sheria na ipi ni ruhusa

Kwa wafanyakazi mimi ni mgumu kwenye mambo matatu: usalama, fedha na heshima. Kwa mengine nauliza kwanza, je, matokeo yanaharibika? Fundi wangu bora kuliko wote anapenda kuanza saa nne na kumaliza usiku. Kwa miezi nilimgombeza kuhusu saa mbili asubuhi, mpaka nilipojiuliza ni kitu gani hasa kinachopotea. Hakikuwepo. Tulikubaliana awepo kuanzia saa nne hadi saa tisa ili wenzake wampate, na saa zilizobaki azipange mwenyewe. Anayepokea wateja siwezi kumpa uhuru huo, na nilimweleza sababu waziwazi: mlango unafunguliwa saa mbili kwa ajili ya watu wa nje. Usawa wa kweli ni kila mtu kujua kwa nini mpaka wake uko pale ulipo.

Unapotoa ruhusa, itaje kuwa ni ruhusa na uipe mwisho. "Wiki hii toka saa nane kwa ajili ya mtoto, Jumatatu tunarudi kwenye kawaida." Ukinyamaza tu, baada ya mwezi ruhusa imekuwa haki, na siku ukiirudisha utaonekana umemnyang'anya kitu. Kosa nalo lizungumzwe siku ileile likiwa bado dogo. Samaki mkunje angali mbichi.

Hatua ya 8: Kwa wanaokuuzia, uwe mteja unayetaka kuwa naye

Lipa siku uliyosema. Ukijua utachelewa, piga simu kabla. Kuwa na angalau wauzaji wawili kwa kila malighafi muhimu, na huyo wa pili mnunulie kidogo mara kwa mara ili asikujue siku ya shida tu. Ukifanya hivyo, siku ambayo wewe ndiye unayehitaji kulegezewa, kuna wa kukusikiliza.

Hatua ya 9: Uwe mgumu kwenye lengo, mwepesi kwenye njia

Mpaka hapa nimezungumzia maombi ya watu. Kuna ombi jingine linalotoka sokoni lenyewe: bidhaa haiuzi tena, mashine mpya imeingia, wateja wanataka kitu tofauti. Hapo msimamo unaweza kukuangamiza.

Jeff Bezos, mwanzilishi wa kampuni ya Amazon, kwenye barua yake kwa wanahisa wake ya mwaka 2015, aligawa maamuzi mafungu mawili. Kuna maamuzi yanayofanana na mlango unaopitika kwenda tu, ukishaingia hurudi, na kuna yale ya mlango unaoweza kutoka tena ukiona ndani hapakufai. Alilalamika kwamba kampuni kubwa hujichelewesha kwa kuyapa maamuzi mepesi uzito wa yale mazito. Sisi wenye biashara ndogo naona tunakosea kinyume chake. Tunasaini mkataba wa pango wa miaka mitano kwa siku moja, halafu tunabishana miezi sita kuhusu kujaribu rangi mpya. Mkopo mkubwa, mbia, pango refu, kuuza mashine: lala nayo, muulize mtu asiye na maslahi, piga hesabu mara mbili. Bei ya bidhaa moja, saa za kufungua, muundo mpya wa kiti: jaribu wiki hii.

Kila jaribio liandikie mambo matatu kabla ya kulianza: kiasi cha juu utakachotumia, tarehe ya kuamua, na namba itakayokuambia uendelee. Mfano: viti vya watoto, mbao zisizozidi za viti kumi, siku 60, viti sita viwe vimeuzwa bila punguzo. Siku ya 60 vikiwa vimeuzwa vitatu, unasimamisha. Utasikia sauti inayosema umeshatumia fedha nyingi, usiache sasa. Fedha iliyokwisha tumika hairudi kwa kuongezwa nyingine. Namba uliiandika ukiwa mtulivu. Iamini kuliko wewe wa leo uliyechoka.

Na kama jambo lenyewe ni kubwa, tumia swali ambalo Andy Grove, rais wa kampuni ya chipu za kompyuta ya Intel, alimuuliza mkuu wake Gordon Moore mwaka 1985. Intel ilikuwa imejengwa juu ya chipu za kumbukumbu, na watengenezaji wa Japani walikuwa wanaizidi. Grove aliuliza: tukifukuzwa hapa na bodi ikaleta mkuu mpya, atafanya nini? Moore akajibu kwamba angeachana na biashara ya kumbukumbu. Wakaamua kufanya hivyo wenyewe, na kampuni ikaegemea vichakato vya kompyuta. Mimi hujiuliza swali hilo mara moja kwa mwaka: mtu akinunua karakana hii kesho, asiyejua historia yake wala kuona haya, kitu gani atakiondoa wiki ya kwanza? Ndivyo nilivyoacha kutengeneza milango, kazi niliyoanza nayo na niliyoipenda.

Hatua ya 10: Daftari la vighairi

Nunua daftari dogo. Kila mara wewe au mfanyakazi anapokwenda nje ya kawaida, andika mstari mmoja: tarehe, nani, nini kimelegezwa, tulipokea nini. Usijitetee, usiandike hadithi. Mwisho wa mwezi kaa nalo nusu saa na timu yako.

Unatafuta marudio. Kighairi kilichotokea mara moja ni cha mtu. Kikitokea mara tatu kwa wateja tofauti, huenda sheria yako ndiyo yenye kasoro, na ni wakati wa kuibadilisha kwa wote badala ya kuwapa wanaojua kuomba peke yao. Angalia pia safu ya "tulipokea nini." Ikiwa tupu mistari mingi mfululizo, rudi hatua ya 4. Na kama daftari halina hata mstari mmoja kwa mwezi mzima, waulize wafanyakazi: ama hawaandiki, ama umewabana kiasi kwamba wateja wanaondoka kimya.

Ukurasa wangu wa mwezi uliopita una mistari saba. Mitatu kati yake ni ombi lilelile: mteja amekuja na gari la kubebea, salio halijakamilika, anaomba kulipa baada ya siku mbili tatu. Tulikaa na vijana wangu kuitazama. Mmoja wao akasema kinachotubana ni kwamba tunadai fedha wakati mzigo uko nusu mlangoni na dereva anapiga honi. Kuanzia mwezi huu salio linalipwa siku ya kukagua, siku tatu kabla ya kuchukua. Mteja anakuja bila haraka, anafungua droo moja moja, anakagua kila kiungo, analipa, anapewa risiti. Siku ya gari kilichobaki ni kubeba.